Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mitaala na Mitihani: Mrudishieni Mtoto wa Gredi ya 6 Insha Yake

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya elimu ya msingi, mitaala na mitihani nchini Kenya

MINTARAFU: KUACHWA KWA INSHA, IMLA NA UKARIRI WA MASHAIRI KATIKA SOMO LA KISWAHILI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Sisi ni walimu wa Kiswahili na wasahihishaji wa insha. Hoja zilizomo humu zimekwisha kupita njia zote zilizowekwa: zimetolewa kwenye vikao vya maoni, zimeandikwa kwa barua zilizogongwa mhuri wa kupokelewa, zimerudiwa kwa mdomo kila ofisa alipofika shuleni. Jibu halikuja. Tumeona tuziweke mbele ya wazazi na umma, kwa kuwa watoto wanaohusika ni wao.

Tunakiri mapema kwamba sisi ni watu wa mtindo wa zamani. Tunaamini mtoto hufundishwa kanuni kwanza, akazirudia hadi zikamkaa mkononi, ndipo akaachiwa uwanja acheze atakavyo. Tunajua siku hizi imani hiyo huitwa ukoloni wa mawazo au uadui kwa uhuru wa mwanafunzi. Tunaomba msome hoja zetu kabla ya kutupa jina hilo.

1. Mtoto anamaliza shule ya msingi bila kupimwa kuandika

Katika KCPE, mtihani wa kumaliza Darasa la 8 uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Sehemu ya insha ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Mtoto alipewa kichwa au mwanzo wa kisa, akabaki na karatasi tupu na kichwa chake mwenyewe. Pamoja na insha ya Kiingereza, hiyo ndiyo kazi ambayo mashine haikuweza kuisahihisha.

Tathmini iliyochukua nafasi yake mwishoni mwa Gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, imejengwa kwa maswali ya kuchagua. Insha haimo.

Tofauti ya vipimo hivi viwili inaonekana hata kwenye sentensi moja. Mpe mtoto wa Gredi ya 6 majibu manne: (A) Kiti yangu imevunjika, (B) Kiti changu kimevunjika, (C) Kiti langu limevunjika, (D) Kiti wangu umevunjika. Watoto wengi watachagua B, maana sikio linaitambua. Asiyejua kabisa ana nafasi moja kati ya nne ya kubahatisha. Sasa mpe karatasi tupu, mwambie aeleze jinsi kiti kilivyovunjika darasani na nani aliumia. Mtoto yuleyule aliyechagua B ataandika: “Kiti yangu ikavunjika na nikaanguka na watu mingi wakacheka.” Kutambua sentensi sahihi ni ujuzi mmoja, kuiunda ni ujuzi mwingine. Anapoiunda anashika mambo manne kwa wakati mmoja: ngeli ya nomino, upatanisho wake kwenye kitenzi na kivumishi, wakati wa kisa, na mpangilio wa matukio. Karatasi ya kuchagua inampimia jambo moja, na inampa jibu lenyewe limekwisha kuandikwa.

Kila mwalimu anajua kitakachofuata. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi Kiswahili kina vipindi 4 kwa wiki, kila kipindi dakika 35, jumla dakika 140. Mwalimu mkuu anayetaka matokeo mazuri hatatoa 35 kati ya hizo kwa kazi isiyokuwamo kwenye mtihani. Daftari la insha limekuwa kitu cha hiari, na katika shule nyingi limetoweka. Yapo madarasa ambako mtoto huandika insha moja nzima kwa muhula, tena isiyorudishwa na wino mwekundu.

2. Imla imekufa

Imla ilikuwa kazi ya dakika 15. Mwalimu huandaa kifungu cha maneno 60 hivi. Mara ya kwanza anakisoma chote huku kalamu ziko chini, wanafunzi wasikilize maana. Mara ya pili anakisoma vipande vya maneno manne au matano, kila kipande mara mbili, nao wanaandika. Mara ya tatu anakisoma mfululizo, wanakagua. Kisha madaftari yanabadilishwa kwa jirani, kifungu kinaandikwa ubaoni, na kila neno lililokosewa linatungiwa sentensi tatu.

Sababu ya kuihitaji imo ndani ya nchi yetu. Watoto wetu wanatoka kwenye lugha zisizo na sauti zilezile za Kiswahili. Kuna wanaochanganya r na l, wanaochanganya s na sh, wanaochanganya b na p, wanaotia n mbele ya d isipohitajika na kuiacha inapohitajika. Hilo si aibu kwa yeyote, ni alama ya lugha ya mama. Lakini “wananchi wamepiga kura” na “wananchi wamepiga kula” ni mambo mawili. Vivyo hivyo kumthamini mtu na kumdhamini: aliyethaminiwa anaheshimiwa, aliyedhaminiwa ana mtu atakayeulizwa akitoroka. Kosa la namna hii halishikwi na karatasi ya kuchagua, wala halishikwi na simu inayomsahihishia mtoto neno kabla hajamaliza kuliandika. Linashikwa na sikio na mkono vikifanya kazi pamoja, wiki baada ya wiki. Mtoto ambaye sikio lake halikufunzwa kufikia umri wa miaka 12 huingia sekondari akiandika “amabaye” badala ya “ambaye”, na hakuna mwalimu wa sekondari mwenye nafasi ya kurudi huko.

3. Uhuru wa kujieleza hauwezi kutolewa bila vifaa vyake

Hili ndilo linalotuuma zaidi, na ndilo tunalohisi halijaeleweka.

Mtaala mpya unamweka mwanafunzi katikati. Unataka ajieleze, atoe maoni, asitishwe na kosa. Nia hiyo tunaiheshimu. Lakini kujieleza ni kazi ya mikono, kama useremala, na ina vifaa vyake. Chukueni barua rasmi, ile inayofundishwa katika insha za kiuamilifu, yaani maandishi ya matumizi ya kila siku: anwani mbili, tarehe, mtajo, mintarafu, aya ya kusema unachotaka, aya za sababu, ombi, sahihi, jina na cheo. Barua mnayoisoma, ingawa ni ya wazi, imefuata njia hiyo kwa sehemu kubwa. Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Ibara ya 119 inampa haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo. Haki hizo mtu huzitumia kwa maandishi. Asiyeweza kupanga malalamiko yake katika aya tatu hulipa mtu wa saiba, duka la intaneti na uchapishaji, amwandikie, naye hupata maneno ya kunakili yasiyosema jambo lake. Au hunyamaza.

Tazameni pia ushairi. Tunasikia ikisemwa kwamba kumfundisha mtoto vina (sauti za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi) ni kumfunga, na kwamba aachwe atunge anavyojisikia. Hatuna ugomvi na mashairi huru. Yana watunzi hodari na yamekuwa kwenye fasihi yetu tangu miaka ya 1970. Ugomvi wetu ni kuanza nayo. Tuchukue mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano tu:

*Mwana shika kalamuyo, andika ulichoona*

Hesabuni: mwa-na-shi-ka-ka-la-mu-yo, mizani 8. A-ndi-ka-u-li-cho-o-na, mizani 8. Mtunzi alitaka kusema “kalamu yako”, akapata mizani 9, akalifupisha neno kwa inkisari. Kitendo hicho kina jina katika taaluma yetu: uhuru wa mshairi. Ndani yake kuna inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake bila kubadili mizani) na kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno). Waliotupa istilahi hii waliuita uhuru, na waliuweka ndani ya sheria kwa sababu nje ya sheria hauonekani. Mtoto asiyejua mizani ni nini hawezi kujua kwamba neno “kalamuyo” ni ushindi mdogo. Kwake ni neno lililoandikwa vibaya.

Wanaodhani umbo la kale hunyamazisha watu wamkumbuke Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi cha kuikosoa serikali. Mashairi aliyoyatunga gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Ni mashairi ya vina na mizani, ya mkondo wa Mombasa ya Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa mji huo. Mtu aliyenyimwa daftari na wino alibaki na kile alichokuwa nacho kichwani, na umbo lilimsaidia kuyashika maneno. Hiyo ndiyo faida ya kukariri mashairi ambayo hatuioni ikitajwa kwenye vitabu vya mwongozo vya siku hizi: kilichokaririwa hakipokonywi.

4. Sheng na chumba cha darasa

Tunalitaja kwa ufupi. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ina wenyewe, ina ubunifu wake, na mitaani haina haja ya ruhusa yetu. Tunachopinga ni mwalimu kuizungumza ndani ya kipindi cha Kiswahili ili aonekane rafiki wa vijana. Mtoto wa jijini anasikia “kitabu yangu” na “yeye hukujanga” nyumbani, kwenye matatu, redioni na kwenye simu. Kipindi cha Kiswahili huenda ndizo dakika 35 pekee za siku anazoweza kusikia ngeli zikipatana. Tukimnyang'anya hizo, tumemnyima uchaguzi. Anayejua lugha sanifu na Sheng huvuka kwenda upande autakao. Anayejua moja hana pa kuvukia.

Wala hatuombi kurudi kwa kiboko, kilichopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, wala kile kidude kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama. Vitu hivyo vilifanya watoto wachukie lugha. Nidhamu tunayoiomba ni ya kazi: kuandika, kusahihishwa, kuandika tena.

5. Kazi ya nyumbani inafanywa na wasiokuwa wanafunzi

Tunaambiwa uandishi unapimwa na walimu shuleni na kwa kazi mradi. Mzazi yeyote anaweza kuwaeleza yanayotokea. Mtoto anarudi jioni na agizo. Mama anakwenda saiba, analipia kuchapisha picha, dada mkubwa anaandika maelezo, na asubuhi kazi inabandikwa ukutani. Sasa akili unde (AI) imeingia kwenye simu ya baba, na insha ya Kiswahili hupatikana kabla chai haijapoa. Kazi hizo zikipewa daraja la “kuzidisha matarajio”, aliyezidisha ni nani? Dakika 40 ndani ya chumba cha mtihani, kalamu na karatasi, ndizo zilizobaki kama mahali pa kuisikia sauti ya mtoto mwenyewe.

Majibu tunayoyatarajia

*Kwamba gharama ya kusahihisha ni kubwa.* Ni kweli, watu hula na kulala wakisahihisha. Lakini insha ya Gredi ya 6 haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja wa maneno 150 hadi 200 unatosha kuonyesha kila kitu. Tena, kwa kuwa tathmini hiyo haimzuii mtoto kuendelea na Gredi ya 7, hakuna lazima ya kuwakusanya wasahihishaji kituo kimoja. Walimu wa eneo moja wanaweza kusahihisha kazi za eneo jingine ndani ya kaunti ileile, kwa mwongozo mmoja wa kitaifa, na karatasi moja katika kila kumi ikasahihishwa upya kwingine ili kulinganisha.

*Kwamba kila msahihishaji ana maoni yake.* Tatizo hili lilipatiwa dawa zamani. Kabla ya kazi kuanza, wasahihishaji husoma pamoja karatasi chache zilezile, kila mmoja akatoa alama, tofauti zikajadiliwa hadi wote wakaona kwa jicho moja. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, insha ya alama 20 ina viwango vinne, D hadi A, vya alama tanotano. Msahihishaji huamua kwanza kiwango, ndipo atafute alama ndani yake. Kosa hupigiwa mstari linapotokea kwa mara ya kwanza, ili mtoto asiadhibiwe mara saba kwa udhaifu mmoja. Mfumo huo upo na unafanya kazi. Hakuna haja ya kubuni mwingine.

*Kwamba mwalimu ana darasa la watoto 60.* Hoja hii ni nzito kuliko zote, na tunaijua kwa vidole vyetu. Insha moja ikisahihishwa vizuri huchukua dakika 5. Watoto 60 ni saa 5, na mwenye mikondo miwili ni saa 10. Hakuna atakayefanya hivyo kila wiki. Basi isiwe kila wiki. Insha iandikwe kila baada ya wiki mbili. Kila mara, theluthi moja ya darasa, watoto 20, isahihishwe kikamilifu: dakika 100. Wale 40 waliobaki wakaguliwe jambo moja tu lililotangazwa kabla, dakika moja kwa kila daftari: safari hii upatanisho wa ngeli, safari ijayo herufi kubwa na nukta, nyingine mgawanyo wa aya. Jumla ni dakika 140, sawa na vipindi vya wiki moja. Kwa insha 14 za mwaka, kila mtoto atakuwa amesomwa kwa kina mara nne au tano, na hakuna daftari litakalolala bila kuguswa. Kosa tunalolifanya walimu ni kutaka kusahihisha yote mara moja, tukachoka wiki ya tatu, tukaacha kabisa.

*Kwamba insha za KCPE zilikuwa za kukariri.* Hapa mko sahihi, na lawama ni yetu. Tuliwafundisha watoto kuanza kila kisa kwa kurauka majogoo yalipowika, kuelekea hamamuni (bafuni), kustaftahi, kujifunga kibwebwe na kushika tariki guu mosi guu pili, hata kama kichwa cha insha kilikuwa ajali ya usiku. Msamiati uliokuwa na uhai wake ukageuzwa mapambo ya kubandika. Wachapishaji wakauza vijitabu vya mapambo hayo, na wasahihishaji wengine wakayatolea alama. Ugonjwa huo ulitokana na maswali yaliyotabirika na alama zilizotolewa kwa neno lisilofaa mahali lilipo. Tiba yake ni kichwa kinachomlazimu mtoto kutazama: “Eleza jinsi chapati inavyopikwa kwenu, hatua kwa hatua, kwa mtu asiyewahi kuiona.” “Mwandikie chifu barua ukimweleza mahali daraja la kijiji lilipobomoka na nani hawezi kuvuka.” Hamamu haimsaidii mtu hapo. Na mwongozo wa kusahihisha useme wazi kwamba msemo usioingiana na kisa haupati alama. Mlikata mti kwa sababu ya kupe aliyekuwa kwenye gome.

*Kwamba wataandika huko mbele.* Watoto wa mfumo mpya wa kwanza kabisa walimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025. Hao ndio walimu, makarani na wauguzi wetu wa kesho. Kuwaambia walimu wa sekondari waanze na nukta na herufi kubwa ni kuwapa kazi ya miaka mitatu iliyopita juu ya kazi yao.

Tunachoomba

Kwanza, insha irudishwe katika tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, ya dakika 40 na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kama Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba, kukiandika ni sehemu ya kukijua.

Pili, imla ya dakika 15 iwekwe kwenye mwongozo wa mwalimu kila wiki, Gredi ya 4 hadi ya 6, pamoja na daftari moja la insha litakalomfuata mtoto kwa miaka hiyo mitatu, na ambalo ofisa wa ubora wa elimu atalifungua kila afikapo shuleni.

Tatu, kila muhula mtoto akariri shairi moja la arudhi (la kanuni za vina na mizani) kwa ghibu, bila kutazama maandishi, kuanzia tarbia fupi (mishororo minne kila ubeti) ya beti tatu, aelezwe mizani na vina vyake, kisha atunge ubeti wake mmoja. Baada ya hapo aachiwe atunge huru akipenda.

Nne, sampuli za insha zilizosahihishwa, bila majina ya watoto wala shule, zichapishwe kila mwaka zikiwa na maelezo ya kwa nini kila moja ilipata ilichopata. Wazazi waone. Walimu wajifunze.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya muhula wa kwanza wa mwaka ujao kuanza, hata kama ni la kukataa, mradi sababu zitajwe moja baada ya nyingine. Tuko tayari kuja tutakapoitwa, tukiwa na madaftari ya watoto mkononi, ili mazungumzo yaanzie hapo.

Wenu watiifu,

Walimu wa Kiswahili na wasahihishaji wa insha, shule za msingi na sekondari

Nakala: Kamati za Elimu za Bunge la Taifa na Seneti, vyama vya walimu, vyama vya wazazi